Mombo hadi Mtae: siku sita mlimani na shemeji

Siku ya kwanza: Dar, Mombo, Lushoto

Mombo naijua kwa dirisha. Kwa miaka kumi na mbili nimepita pale kwenda na kurudi Moshi kikazi. Basi linasimama dakika kumi, unashuka kujinyoosha, unanunua korosho na maji, konda anagonga bodi, safari inaendelea. Upande wa kulia unasimama ukuta wa Milima ya Usambara, na ukitaka kuuona mpaka juu inabidi uinamishe kichwa hadi usawa wa siti ya mbele. Sikuwahi kuinama. Mara nyingi hapo ndipo usingizi unaponichukua.

Aibu yenyewe ni kwamba mke wangu ni Msambaa wa Mlalo. Posa niliipeleka Tanga mjini, ndoa ikafungwa Dar, na ndugu wakawa wanakuja wao. Mdogo wake wa kiume alisomea huko juu mpaka darasa la saba kabla ya kuhamia Dar, na kwa jambo hili hana msamaha. "Shemeji," huwa ananiambia mbele za watu, "wewe umeoa mlima ambao hujaupanda." Januari hii nilipopata likizo nikamwambia haya, twende ukanioneshe huo mlima wenu.

Tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri, na saa saba mchana tukawa Mombo, jasho linatiririka. Safari hii basi lilituacha. Lilipoondoka kuelekea Same nilibaki nimeshika begi najihisi kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho si chake.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, karibu zote kona. Koasta ilijaa mpaka mlangoni. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa na kuku wawili ndani ya kapu, na kila kona ya kushoto kuku mmoja alinidonoa goti. Ukipita Soni, pale mto unapoporomoka juu ya mawe kando ya barabara, masikio yanaziba na joto linabaki chini kama koti ulilolisahau kwenye basi. Tulipofika Lushoto, shemeji alitoa sweta lake begini bila kusema neno. Mimi sikuwa na sweta. Nani anabeba sweta mwezi wa kwanza?

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda kwa baridi yake, wakaiita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, jina la mfalme wao, na maofisa wakawa wanapanda huku kukimbia joto na malaria ya pwani. Jioni ile sikuwa na hamu ya historia. Nilikunywa chai ya tangawizi vikombe vitatu, nikanunua sweta la mtumba lenye picha ya dubu, nikalala. Gesti tuliyolala ilituahidi maji ya moto. Yalikuja ya uvuguvugu, saa nne usiku, baada ya mimi kuoga.

Siku ya pili: Irente

Siku ya kuzoesha miguu. Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni kama kilomita tano, njia inapita katikati ya nyumba na migomba, watoto wanakusalimia "shikamoo" kwa sauti ya kuimba. Njiani kuna shamba la kanisa la KKKT, na wageni husimama hapo kununua mkate mweusi, jibini na jamu. Tukanunua. Mimi si mtu wa jibini, lakini hiyo niliila yote, na ya shemeji nikaigusa.

Halafu njia inaisha ghafla. Kuna jiwe, na baada ya jiwe hakuna kitu.

Ardhi inakatika hapo na kushuka karibu mita elfu moja moja kwa moja hadi nyikani. Nililala kifudifudi nikachungulia, maana kusimama miguu ilikataa. Chini kabisa kulikuwa na mashamba ya mkonge ya Mazinde, mistari imenyooka kama suka za mistari kichwani kwa mtoto wa shule. Kulikuwa na uzi mwembamba wa reli, ile ya kutoka Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905 na baadaye kuendelea mpaka Moshi. Na kando yake uzi mwingine wa kijivu.

"Ile ndiyo barabara yako," shemeji akasema.

Basi lilikuwa linapita. Huwezi kujua ni la kampuni gani, ni punje nyeupe inayotambaa bila sauti. Nikajaribu kukisia liko wapi. Lilikuwa limeshapita Mombo, linaelekea Mkumbara. Yaani ndani yake abiria wa upande wa kulia walikuwa usawa wa hili jiwe, na kama wako kama mimi, walikuwa wanasinzia. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Tulihesabu mabasi saba.

Jioni tulikutana na kijana atakayetuongoza msituni. Mwembamba, mpole, kavaa yeboyebo za bluu. Aliangalia mabuti yangu mapya, akayainua moja, akalipinda kisigino. "Haya umeyavaa mara ngapi, kaka?" Nikamwambia leo ni mara ya pili. Akalirudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha bidhaa dukani baada ya kuuliza bei.

Siku ya tatu: Magamba hadi Lukozi

Tulianza saa moja asubuhi. Kutoka Lushoto kwenda Magamba ni kupanda tu, na sehemu kubwa ya njia unapita mashamba: kabichi, karoti, viazi, hoho, kila bonde limegawanywa vipande vipande kama shuka la viraka. Watu walikuwa kazini tayari. Kuna mzee alikuwa analima mahali ambapo mimi nisingeweza kusimama, mguu mmoja juu, mwingine chini, jembe linapiga usawa wa kifua chake. Akatusalimia bila kuacha. Shemeji akajibu kwa Kisambaa, wakaongea maneno sita au saba, wakacheka. Nikauliza amesema nini. "Amesema mgeni anapumua kama mfua chuma." Sikuuliza tena.

Baada ya kulipa kiingilio tukaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Mlango hauna mbwembwe, ila ukipiga hatua kama hamsini sauti inabadilika. Shambani kulikuwa na majogoo, redio, mtu anamwita mtoto. Ndani ya msitu unasikia matone. Mvua haikuwapo. Ukungu ndio unaoganda kwenye majani ya juu na kudondoka. Kijana alitueleza kuwa msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia vilima vya Taita huko Kenya na kushuka hadi Udzungwa, na kwamba kwa sababu kila mlima umekaa peke yake muda mrefu kama kisiwa, kuna viumbe wanaopatikana hapa na si kwingine duniani. Alisema hivyo huku amesimama kando ya mkulo, mti mnene ambao sisi watatu tukishikana mikono tusingeuzunguka. Ukikwangua gome lake kidogo linanukia kama dawa ya kifua. Mbao zake zilipendwa mno, na ndiyo maana mikubwa kama huo imebaki michache.

Kuna makangaga yenye shina, marefu kupita mgomba. Kuna vidimbwi vya maji kwenye kila kikunjo cha jani. Na kuna mbega.

Tuliwasikia kwanza. Ni sauti kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kijana akainua kidole. Walikuwa watano au sita kwenye mti wa juu, manyoya meusi na joho jeupe mabegani, mkia unaning'inia kama pindo la kanzu. Mmoja alitutazama, akajikuna, akageuka akatupa mgongo.

Hapo ndipo kijana akatusimulia habari za Mbegha. Wazee wanasema alikuwa mwindaji kutoka Ngulu, akafukuzwa kwao kwa kuwa alikuwa kigego, aliota meno ya juu kwanza. Akaja Usambaa na mbwa wake, akawa anawinda nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, anagawa nyama, na wenyeji wanampa chakula cha shambani. Siku akamuua simba, wakamfanya mfalme. Ndiyo asili ya ukoo wa Kilindi uliotawala kutoka Vuga, na mfalme wao aliitwa Simba Mwene. Shemeji alikuwa anaongezea hapa na pale, anamrekebisha kijana jina la mbwa, wakabishana kidogo. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine: mgeni, kafika mlimani hana chakula, akapewa.

Kisha buti la kulia likafungua mdomo.

Sijui niliseme vipi kwa heshima. Soli iliachana na ngozi kuanzia kidoleni mpaka katikati, na kila hatua ilikuwa inapiga kofi. Kofi, kofi, kofi, katika ule msitu mtakatifu. Mbega wakahama. Kijana hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alichuna kamba kutoka kwenye gome la mti fulani uliokuwa umeanguka, akalifunga buti mara tatu kama anavyofungwa kuku wa zawadi, akaniambia nikanyage kwa kisigino. Nilitembea kwa kisigino kilomita zilizobaki. Yeye mbele yangu na yeboyebo zake, anaruka mizizi.

Kuna jambo moja la siku hiyo nataka kulieleza taratibu. Tulifika karibu na Lukozi giza limeanza. Kijana akawasha tochi, akawa anamulika vichaka vya pembeni ya njia, polepole, kama anatafuta sarafu. Akasimama. "Njooni hapa." Kwenye ncha ya kitawi kulikuwa na kitu cheupe kama karatasi. Tukasogea. Alikuwa kinyonga amelala. Usiku rangi zao hufifia, ndiyo maana tochi inawashika upesi. Alikuwa mdogo, urefu wa kiganja, mkia umeviringwa kama springi ya saa, na puani ana pembe mbili fupi zimechomoza pamoja kama visu vya kukunia. Macho yamefungwa, yale macho ya mnara, kila moja na kifuniko chake. Alikuwa anapumua. Ubavu unapanda, unashuka. Kijana alisema huyu wa pembe mbili ni wa Usambara Magharibi hii hii, ukishuka tu Mombo humpati.

Shemeji hakusogea. Amezaliwa huku, amesoma sana, ana shahada, lakini alibaki mita mbili nyuma mikono mfukoni. Nikamwambia sogea uone, amelala. "Ninyi angalieni," akasema. "Mimi naona vizuri tu kutoka hapa."

Siku ya nne: Lukozi, Mlalo

Wengi wanaofuata njia hii kutoka Lukozi huenda Rangwi, wakalala kwa masista, halafu wakaibukia Mtae. Sisi tulikuwa na deni Mlalo.

Lakini kwanza buti. Lukozi ni soko la mboga, na asubuhi ile ilikuwa imejaa Fuso zinazopakia za kwenda Dar na Tanga. Fundi viatu alikuwa chini ya mwembe, hapana, mwembe haumei vizuri huku, ulikuwa mparachichi. Aliangalia buti, akauliza nimelinunua wapi, nikamwambia, akasema "gundi hii ni ya mapambo." Akalishona kwa uzi wa nailoni pembeni pote, nusu saa, bei ya soda mbili. Limebaki hivyo mpaka leo na halijafunguka.

Wakati nasubiri niliangalia jinsi wanavyofunga viazi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezwa kichwa kingine juu kwa kushonewa wavu, linakuwa na shingo na nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na kila mtu pale anaijua sheria, mpaka mtoto. Mkulima akikataa kuongeza kichwa, dalali anavuka kwa jirani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasimamia magunia yake manne aliniona nakodoa macho. "Unanunua?" Hapana mama, naangalia tu. "Basi angalia vizuri," akasema, "hicho cha juu ndicho ada ya mtoto wangu." Mimi hununua viazi Mbezi kwa sado. Sikuwahi kujiuliza gunia lilitoka na umbo gani.

Kutoka Lukozi tulipanda bodaboda. Barabara ya vumbi jekundu, inazunguka migongo ya vilima, na kwenye kona moja dereva wangu akazima pikipiki mwenyewe ili nione. Mlalo iko chini kwenye sinia. Milima pande zote, katikati mji wenye bati zinazong'aa, na nyumba za zamani za ghorofa moja zilizojengwa kwa udongo, zina roshani za mbao. Hapo hapo kanisa la misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1891. Na katikati ya bonde unapita mto Umba. Kwa hapa ni mto wa kuvuka kwa kuruka mawe, lakini huu huu unashuka nyikani, unavuka mpaka na kuishia baharini karibu na Vanga, Kenya. Maji ya kufulia nguo ya Mlalo yanaenda kuonana na majahazi.

Bibi yake mke wangu alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Nikapiga magoti kidogo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu," akasema bila kuinua macho. "Nilidhani umekufa. Miaka kumi na mbili mke wako nakungoja hapa."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nikamwambia nimechelewa kwa sababu ya foleni ya Mombo. Akanyanyua uso, akanitazama kuanzia sweta la dubu mpaka buti lenye uzi mweupe, akamwambia shemeji jambo kwa Kisambaa. Sikutafsiriwa.

Tulikula makande. Nimekula makande maisha yangu yote, mpaka ya shule ya bweni, lakini haya yalipikwa kwa mahindi mabichi ya shamba la nyuma, kwenye chungu, moto wa kuni tangu asubuhi, na tui halikuwapo, yalikuwa na maziwa na kitunguu. Kisha mapeasi. Januari ndiyo msimu, yako kila mahali, mpaka mbuzi wanayakataa.

Jioni bibi alinipeleka ukingoni mwa shamba kunionesha kitu. Kwenye mteremko wa ng'ambo kulikuwa na mikunjo ardhini, kama ngazi iliyochakaa, imefunikwa na miti ya mgrivea. "Matuta ya Mwingereza," akasema. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni iliona udongo wa bonde la Mlalo unamomonyoka, ikaagiza watu wachimbe matuta kwenye miteremko kwa lazima. Asiyechimba anatozwa faini. Kazi ikawaangukia zaidi wanawake. Yeye alikuwa mgongoni mwa mama yake. "Mama alikuwa anachimba, mimi nalia, bwana shamba anahesabu." Watu walichukia matuta mpaka TANU ilipokuja ikawakuta wameiva. Baadaye miaka ya 1980 walikuja Wajerumani na mradi mwingine, wakasema pandeni mistari ya majani kukinga mteremko, na miti. Hilo wakalikubali. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa. "Majani ng'ombe anakula. Tuta anakula nani?"

Mimi nilikuwa nimepiga picha za ile miteremko siku mbili nzima. Nikaziangalia upya kitandani usiku ule, nikawa natafuta mistari ya majani. Iko karibu kwenye kila picha.

Siku ya tano: Mlalo hadi Mtae

Zaidi ya kilomita ishirini kwa miguu. Bibi alitupa mapeasi kilo kama tano, tukakataa, tukapewa.

Kupanda kutoka Mlalo ni saa mbili za kutokuongea. Baada ya hapo unafika kwenye mgongo na njia inakuwa rafiki, inafuata kilele, bonde kushoto, bonde kulia, na msitu wa Shagayu umekaa juu kama kofia. Sehemu kubwa ya siku hiyo sina la kusimulia. Tulitembea. Mawingu yalikuwa yanatoka bondeni yanapanda kama moshi wa jikoni, yanatupita, unakuwa humwoni mwenzako, kisha yanafunguka na chini kuna kijiji kizima, na unasikia mtu anapasua kuni kabla hujamwona. Sauti huku inasafiri vibaya. Mama alikuwa kilima hiki anamgombeza mtoto wa kilima kile kuhusu ndoo, na mtoto anajibu, na kati yao kuna bonde la kushuka dakika arobaini.

Tulipumzika karibu na shule moja. Watoto walikuwa mapumziko, wakatuzunguka. Tukatatua tatizo la mapeasi, au ndivyo nilivyofikiri. Msichana wa kama darasa la tatu alilipokea lake kwa mikono miwili, akasema asante, akaliangalia, akauliza kwa adabu kabisa: "Mjomba, mmetoka nayo Dar?" Kwao pea ni kama mimi kumgawia mtu wa Mbezi vumbi.

Kijana ndiye aliyetuambia habari ya ua. Kuna mahali mwamba una maji maji, na kwenye ufa kulikuwa na majani ya duara yenye manyoya laini, hayana ua msimu huo au yalikuwa yameshapukutika. Alisema wageni wa Ulaya wakija humuuliza sana urujuani wa Usambara, ambao kwao hukaa kwenye vyungu madirishani. Mbegu zake zilichukuliwa mwaka 1892 na Mjerumani aliyekuwa mkuu wa eneo la Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, akazituma kwa baba yake Ujerumani, na jina la kisayansi likawa lake, Saintpaulia. Kama hayo majani yalikuwa yenyewe, kijana hakutaka kuapa. "Sina uhakika kaka, bila ua siwezi kukudanganya." Nimewahi kutembezwa na waongozaji ambao wangeapa.

Goti la kushoto lilianza kudai saa tisa. Kushuka ndiko kunakoumiza, kupanda kunachosha tu. Shemeji akanikatia fimbo, akawa anatembea mbele yangu polepole akijifanya anapiga picha. Hakusema neno la utani hata moja kuanzia hapo mpaka tulipofika, na ndivyo nilivyojua kwamba natia huruma.

Mtae imekaa kwenye ukingo kama ndege juu ya waya. Ni mtaa mmoja mrefu juu ya mgongo wa mlima, na ukisimama katikati ya barabara unaweza kuangalia mabonde ya Usambaa upande mmoja, ukageuka, ukaangalia nyika. Salamu zilianza mbali, "onga mshi, onga mshi," mpaka nikawa najibu kabla ya shemeji. Tukapita kanisa la zamani, tukaweka mizigo, tukaenda ukingoni.

Nyika ya Mkomazi ilikuwa imetandikwa chini yetu. Hifadhi ya Taifa tangu 2008, na baada yake Tsavo, nchi nyingine. Hakuna ua wala mstari, ni rangi ile ile ya ngozi ya simba inakwenda mpaka inapogeuka bluu. Milima ya Upare ilikuwa kushoto, migongo mitatu minne imepangana. Upepo ulikuwa unatoka chini. Nilisimama, safari hii sikulala kifudifudi.

"Siku ikiwa safi unauona Kilimanjaro," kijana akasema, akanyoosha kidole kwenye wingu.

Tukangoja. Jua likashuka nyuma ya Upare. Wingu halikuondoka. Mwanamume mmoja alikuja na ng'ombe wake wawili, akasimama nasi kidogo, akauliza tunaangalia nini. Kilimanjaro, mzee. Akatazama lile wingu, akatazama ng'ombe. "Jana ulikuwepo," akasema, akaendelea na njia yake.

Siku ya sita: kushuka

Mabasi ya Mtae hutoka usiku. Saa kumi alfajiri honi ilishaanza, mtaa mzima ukatoka na mizigo, taa za simu zinamulika miguu. Kijana alitusindikiza. Nikampa mkono, nikampa na sweta la dubu, maana kule ninakokwenda halina kazi. Alilivaa hapo hapo. "Hongea," akasema, yaani asante kwa Kisambaa, na kwa mara ya kwanza akacheka, nadhani kwa ajili ya dubu.

Sikuona kitu mpaka Malindi, ile ya huku mlimani, na baada ya hapo nililala begani kwa shemeji. Niliamka Soni masikio yakizibuka. Joto likapanda kutoka sakafuni. Mombo ilikuwa vile vile, hoteli, korosho, konda wanaita Arusha, wanaita Dar. Basi letu likasimama dakika kumi.

Kijana mwenye ndoo kichwani akaja dirishani. "Mapeasi, bosi! Ya Lushoto, matamu, yametoka mlimani leo hii hii!"

Nikainamisha kichwa mpaka usawa wa siti ya mbele, nikatazama juu. Wingu.

"Shemeji," nikasema, "una chenji?"

"Unataka kununua mapeasi," shemeji akasema taratibu. "Wewe. Leo."

Nilinunua ndoo nzima. Alikuwa anauza mara nne ya bei ya Lukozi, na sikupunguziwa.